Nani Alibeba Amri ya Mfalme?

Hotuba kwa watunzi wa hadithi za mfululizo

Shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi wadogo zangu mliojazana pale nyuma karibu na soketi ili simu zisizime, habari za saa hizi.

Nimeombwa nizungumzie ubora wa simulizi. Mada hiyo ni pana mno, nikiiparamia yote tutalala hapa, kwa hiyo nimekata kipande kimoja tu: wafalme. Wafalme, masultani, malkia na yeyote mwenye kiti cha enzi na watu wa kumsujudia katika hadithi zenu za majini, mazimwi na falme zisizo kwenye ramani.

Hadithi hizo zinasomwa, tusidanganyane. Mtunzi anatupia sehemu ya 15 Facebook saa mbili usiku, kufika saa tatu maoni yamejaa watu wanaolia arosto, na asiyeweza kusubiri anatuma hela kwa simu ili arushiwe hadithi nzima WhatsApp. Ni biashara halali, na mimi mhariri nakula humo humo. Lakini wafalme ninaokutana nao humo wananitoa jasho. Mmoja anaamka asubuhi anaamuru wazee wote wa mji wachinjwe, wanachinjwa. Sehemu inayofuata soko limefunguliwa, vitumbua vinauzwa, na mfalme yule yule anamwoza binti yake huku mji mzima ukicheza ngoma. Mwingine anamvua cheo amiri jeshi mbele ya askari wake elfu kumi, mfalme akiwa amesimama peke yake, na askari wanapiga makofi. Mwingine ana kioo cha kichawi kinachoonyesha kila njama ndani ya kasri, lakini anatiliwa sumu na mpishi wake, kwa kuwa mtunzi alishakisahau kioo tangu sehemu ya nne.

Msomaji akihoji, anajibiwa moja kati ya mawili: ama "mfalme huyu ni kichaa", ama "kaka, hii ni fantasia".

Mfalme kichaa ruksa. Mjinga ruksa, mkatili ruksa, mwenye wivu wa kumnyonga ndugu yake ruksa kabisa. Ninachodai ni kimoja: nijue nani alibeba amri yake, na kwa nini alikubali kuibeba. Mfalme ana mikono miwili kama mimi. Wazee wa mji wakichinjwa, kuna watu walioshika visu, na wengine kati yao wamewakuta baba zao kwenye foleni. Hao ndio ninaowatafuta kwenye hadithi zenu na siwaoni.

Niwapeleke kwanza Unguja, kwenye kisa cha Sultani Majinuni, ambacho Edward Steere alikichapisha London mwaka 1870 pamoja na hadithi nyingine zilizosimuliwa Zanzibar. Sultani ana paka. Paka anakula ndama. Watu wanakwenda kumweleza, naye anawajibu kwamba paka ni wake na ndama ni wake. Paka anakula mbuzi, anakula ng'ombe, anazidi kupanda daraja mpaka anaanza kula watu, na kwa Sultani bado ni paka wake tu. Mpaka siku paka anapowala wana watatu wa Sultani mwenyewe. Hapo ndipo anapokubali kwamba huyu si paka tena, ni nunda mla watu, na mwana wa mwisho, yule wa kukaa jikoni, anatoka kwenda kumwinda.

Sidhani kama tuna mfalme mjinga kuliko huyo katika ngano zetu zote, lakini sijamsikia mtoto hata mmoja akisema kisa hiki hakiwezekani. Majinuni anafikiri kama mwenye mali. Kila kilichomo mjini ni chake, na chake kikila chake yeye haoni hasara iko wapi. Watu hawakukaa kimya, wanakwenda kushtaki tena na tena. Tatizo ni kwamba hakuna wa kumshtakia Sultani isipokuwa Sultani. Hasara inapanda ngazi moja moja mpaka inaingia nyumbani kwake. Ujinga wa namna hiyo una hesabu ndani yake, na msimulizi amezipiga zote bila kutaja neno ujinga.

Sasa tuvuke bahari. Mfano ninaotaka kuutumia kwa kirefu wengi wenu mnaujua, wengine kwa flashi mliyojaziwa mtaani na sitaki kusikia ni kwa nani. Game of Thrones, tamthilia ya HBO, ilianza 2011 ikaisha 2019, misimu minane, sehemu 73. Nimeichagua kwa sababu ilifanya jambo lile lile mara mbili, mwanzoni kwa ufundi na mwishoni kwa pupa, kwa hiyo tunaweza kuyaweka mezani tukayalinganisha.

Msimu wa kwanza. Joffrey, kijana ambaye ndiyo kwanza amekalia kiti, ana mfungwa mkubwa, Eddard Stark, bwana wa Kaskazini. Mpango umeshapikwa: Stark atakiri uhaini mbele ya umma, atasamehewa, atapelekwa kulinda Ukuta huko kwenye barafu, na vita na Kaskazini vitakoma. Mama yake Joffrey anaujua mpango huo, washauri wanaujua. Stark anakiri. Joffrey anasimama mbele ya watu anasema akatwe kichwa.

Ni uamuzi wa kipumbavu kuliko wowote katika msimu ule. Lakini mtazameni mama yake anavyomvuta kando kumsihi. Watazameni washauri walivyopigwa na butwaa. Mkata vichwa wa mfalme ana kazi hiyo tangu enzi ya mfalme aliyetangulia, na amri imetolewa hadharani, umati unashangilia. Kumrudisha mfalme nyuma pale ni kumvua nguo mbele ya mji. Basi kichwa kinakwenda. Bili inaletwa papo hapo: kabla msimu haujaisha, Kaskazini imemtawaza Robb, mtoto wa marehemu, kuwa mfalme wake, na vita havina tena njia ya kusuluhishwa. Mtoto mpumbavu amefanya upumbavu, na kila mtu aliyemzunguka ameitikia kama mtu.

Msimu wa pili, mwaka 2012, wametufundisha jingine. Vita vimeziba njia za chakula, mji una njaa. Familia ya kifalme inapita barabarani, mtu anamtupia mfalme kinyesi usoni, fujo zinalipuka, na kuhani mkuu wa dini yao anararuliwa na umati. Kumbukeni somo hilo: watu wa mji ule wakishikwa na njaa wanaweza kuua, hata kuhani hawamwogopi.

Twende mwisho wa msimu wa sita, 2016. Malkia Cersei analilipua hekalu kuu la mji ule ule. Ndani yake wameteketea kiongozi wa dini, malkia kijana aliyependwa na maskini, ami yake mwenyewe, na wakuu wa ukoo wa Tyrell, ambao ardhi yao ndiyo iliyokuwa ikiulisha mji. Mwanawe mfalme anajirusha dirishani. Na kabla sehemu hiyo haijaisha, Cersei amevishwa taji. Hana damu ya ufalme. Alikuwa mke wa mfalme na mama wa wafalme, na wote wameshakufa. Mji umetulia tuli.

Mlipuko wenyewe ni utamu mtupu, muziki ule wa kinanda, mishumaa ile, nimeurudia kuutazama na nitaurudia tena. Cersei kufanya vile ninaamini kabisa, ni mwanamke aliyefedheheshwa na hana njia nyingine ya kujinasua. Nisichokiamini ni asubuhi ya pili yake. Waumini waliokuwa wakitembea pekupeku kumfuata yule kiongozi wa dini wako wapi? Wale walioua kuhani kwa ajili ya mkate, leo hekalu limegeuka majivu na anayewalisha ameuawa, hata jiwe moja hawatupi? Mabwana wadogo waliofiwa na ndugu zao mle ndani walimwapia nani utii, na kwa kuahidiwa nini? Bibi mmoja tu, Olenna, ndiye anayekumbuka kwamba amefiwa, na anajiunga na maadui wa Cersei. Wengine wote wamefutwa. Mji wenye watu na njaa na hasira umegeuka pazia lililochorwa nyuma ya jukwaa.

Tangu hapo mambo yalikwenda mteremko. Msimu wa saba mfalme mwingine wa Kaskazini, Jon Snow, anatoka yeye mwenyewe na kikundi kidogo kwenda nje ya Ukuta kukamata maiti anayetembea, ili akamwonyeshe Cersei, mtu ambaye kila mmoja pale anajua hana neno la kweli. Msimu wa nane malkia Daenerys, mpinzani wa Cersei, anaruka na mazimwi wake, yale majoka yenye mabawa, moja kwa moja mpaka kwenye mishale ya meli za adui, zimwi mmoja anauawa, na mmoja wa watayarishaji wakuu alieleza hadharani kwamba malkia alikuwa kama amezisahau zile meli. Haya, tumpe malkia haki yake ya kusahau, ana mambo mengi. Je, nahodha wake naye amesahau? Mpelelezi wake mkuu, ambaye kazi yake ni kujua kila kinachoelea na kinachotambaa, naye amesahau? Kusahau kwa mtu mmoja ninakubali. Kusahau kwa dola nzima kwa pamoja, siku moja, ni kusahau kwa mtunzi.

Watu wengi waligombana kuhusu Daenerys kuuchoma mji baada ya kengele za kusalimu amri kulia. Mimi sikugombana sana. Alishawasulubu mabwana wa watumwa kule Meereen, alishawachoma baba na mwana waliokataa kumpigia magoti. Mbegu zilikuwepo, waliharakisha tu mavuno. Kilichonivunja mbavu ni baraza la mwisho. Wakuu wamekaa kuchagua mfalme. Anayewashauri ni mfungwa mwenye minyororo, aliyemsaliti Daenerys, ambaye sasa ni marehemu, na jeshi la malkia huyo ndilo lililoushika mji na linamwangalia. Wanamchagua Bran, mtoto mwingine wa Eddard Stark. Dada yake Bran, Sansa, anasema Kaskazini itajitawala, sawa, inajitawala. Na pale pale ameketi Yara wa Visiwa vya Chuma, ambaye msimu wa sita alikwenda kwa Daenerys kuombea visiwa vyake uhuru huo huo. Yara hasemi kitu. Mtu aliyesafiri bahari nzima kuomba jambo, leo jirani yake analipewa kwa kulitamka tu, na yeye ananyamaza! Hata kwenye kikoba cha mtaani kwetu angesimama mtu akasema "na mimi".

George R. R. Martin, mwenye vitabu tamthilia hii ilikotoka, aliwahi kuhoji kuhusu Aragorn, mfalme katika The Lord of the Rings ya Tolkien: tunaambiwa alitawala kwa hekima, lakini sera yake ya kodi ilikuwa ipi? Watu walicheka, mimi naona ni swali la kazi kabisa. Kodi ni kujua nani anamlipa askari, na askari asiyelipwa hushika njia ya kwao. Tamthilia ilipovipita vitabu na kubaki na ramani ya mwisho tu, maswali ya aina hiyo ndiyo yaliyoachwa njiani kwanza.

Na hapo nawaonea huruma, kwa sababu ugonjwa huu unazaliwa na mfululizo wenyewe. Anayeandika kitabu anaweza kurudi sura ya pili akatia kifungu kimoja, mambo yakakaa. Ninyi sehemu ya pili mmeshairusha, imesomwa, imepigwa picha ya skrini, na kuna dada mmoja huko Mwanza anaikumbuka kuliko ninyi. Kila sehemu lazima ifunge kwa mshtuko. Wasomaji wanawapigia kelele fulani afe, fulani aolewe. Mnahitaji shujaa afungwe gerezani kesho, basi mfalme anamfunga kesho, sababu mtaitafuta baadaye. Kidogo kidogo mfalme anageuka tarishi wenu, anatumwa huku na huku kufungua milango ya kisa, na tarishi haogopwi na msomaji hata akivaa taji la dhahabu.

Lakini mfululizo haukuzaliwa na ugonjwa huo. Mama wa "itaendelea" zote ni Shahrazad wa Alfu Lela Ulela, na ufalme anaoukuta ni wa kichaa hasa: Shahriyari anaoa msichana kila usiku na kumuua asubuhi. Fungueni mwanzo wake mwone. Hali hiyo imekwenda miaka mitatu, wazazi wamekimbia na mabinti zao, mpaka waziri anayetumwa kutafuta wasichana anarudi mikono mitupu, anahofia shingo yake. Ndipo binti wa waziri mwenyewe anapojitolea. Ukatili wa mfalme umekula mji, umemfikia aliyebeba amri, na kutoka nyumbani kwa aliyebeba amri ndimo anamotoka shujaa.

Tazameni na Fumo Liyongo, kwenye utenzi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu. Sultani wa Pate anamwogopa Liyongo, anataka afe. Mtunzi mvivu angesema: sultani akaagiza auawe, kwisha. Lakini Liyongo anapendwa, ana nguvu, na nani ataisogelea ile upinde yake? Kwa hiyo Sultani anazungukia kwa watu wa porini, wawinde naye pamoja, kisha wale matunda yaitwayo makoma kwa zamu ya kukwea mti, na zamu yake ikifika wampige mishale akiwa juu. Liyongo anaangua makoma kwa mshale, akiwa chini. Anafungwa gerezani kwa pingu. Hapa ndipo ninapompenda mtunzi: walinzi wana tabia ya kukila chakula kizuri anacholetewa mfungwa, kwa hiyo mama yake anampikia mkate wa wishwa. Walinzi wanaudharau, wanamwachia, na ndani ya mkate mna tupa ya kukatia pingu. Usiku gungu linachezwa, matari na vigoma, hakuna anayesikia chuma kikikatwa. Dola ya Pate imeshindwa kwa ulafi wa walinzi. Mwisho Sultani anapata mkono wa kumfikia: mwana wa Liyongo mwenyewe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa Sultani, anamtoa baba yake siri ya sindano ya shaba kitovuni. Sindano kitovuni ni fantasia, sivyo? Shujaa mzima hafi mpaka sindano. Tumeikubali bila kupepesa macho, kwa kuwa bei aliyolipwa yule kijana tunaifahamu sote.

Kwa hiyo mtu asiniletee tena neno "fantasia" kama leseni. Mazimwi nitawameza wote mtakaowaleta. Mpishi anayemtilia mfalme sumu bila sababu, huyo ndiye ananikwama kooni.

Najua kuna atakayenyoosha mkono kuniambia wafalme wa kweli nao wamefanya mambo yasiyoingia akilini. Ni kweli, na tunaye wetu. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki Zanzibar, na Khalid bin Barghash akaingia kwenye kasri bila idhini ya Waingereza. Manowari zao zikajipanga mbele ya kasri, akapewa mpaka saa tatu asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera. Hakushusha. Mizinga ilianza, na baada ya dakika kama 40 vita vilikwisha, meli yake Glasgow imezama, mamia wamekufa na kujeruhiwa, na yeye amekimbilia kwa konseli wa Wajerumani, ambao baadaye walimvusha mpaka Dar es Salaam.

Andika hivyo kwenye simulizi, msomaji atasema Khalid huyu ni kituko. Fuatilia sasa. Baba yake, Barghash, alikuwa Sultani. Mwaka 1893 kiti kilipobaki wazi Khalid alijaribu kukikalia, akashawishika kuondoka. Safari hii alikuwa na watu wapatao 2,800 waliokubali kusimama naye, na alituma ujumbe kwamba haamini Waingereza watafyatua. Alikosea hesabu, lakini hesabu ilikuwepo: alishasikia vitisho, akadhani vitaishia kuwa vitisho. Katika hao 2,800, kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutokwenda nyumbani asubuhi ile, na mtunzi anayejua kazi yake angepata riwaya nzima kwa mmoja tu kati yao, mpiga mzinga kwenye meli ya Glasgow, akiziangalia zile manowari na kusubiri saa tatu.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Kabla ya maswali, kuna ukurasa nimeuomba kwa mtunzi mmoja aliyepo humu. Jina lake silitaji, ameniruhusu kuusoma. Sehemu ya 22. Malkia amegundua kwamba waziri wake anakutana kwa siri na mfalme wa majini. Usiku huo huo anaamuru waziri atupwe baharini. Askari wanne wanamchukua, wanamfunga jiwe, wanamtupa. Asubuhi malkia anakunywa kahawa.

Waziri huyu, sehemu ya 9 tuliambiwa, ndiye anayelipa mishahara ya askari wa kasri, na funguo za hazina anazo shingoni. Askari wale wanne wamemvua funguo kabla ya kumtupa, au wamezizamisha naye? Kama wamezivua, nani kati yao anazo sasa, na malkia anajua? Na mwisho wa mwezi ni lini katika ufalme huu? Nawapa dakika kumi, andikeni asubuhi ile upya, kahawa muiache ilivyo. Dada mwenye mtandio wa bluu naona umeshaanza kucheka. Basi wewe ndiye utakayetusomea wa kwanza.